Njia Ambazo Modest Hakuonyeshwa

Siku ya nne tangu mgeni afike, Mzee Akonaay aliamka akamwita Zubery kabla ya kumwita mwanawe. Modest alikuwa zizini anakamua, mikono yote miwili kazini, kwa hiyo hata kama angeitwa asingeweza kwenda upesi. Hilo halikumfariji. Alisikia jina la mtu mwingine likitoka kinywani mwa baba yake asubuhi na mapema, tena kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri, akaivuta chuchu vibaya mpaka ng'ombe akapiga teke ndoo.

"Zubery! Umeamka?"

"Nimeamka, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo tuanzie pale tulipoachia jana."

Kwa miaka mitano, tangu macho ya mzee yaanze kufifia, jina la kwanza kutamkwa katika nyumba ile lilikuwa Modest. Modest nipeleke chooni. Modest leta maji. Modest, jua limetoka au ni mawingu? Ilikuwa kero tupu, na mara nyingi Modest aliitika huku amekunja uso. Sasa alikuwa amepunguziwa mzigo, na badala ya kushukuru alijiona ameibiwa. Ndivyo tulivyo binadamu.

Huyu Zubery alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mtoto wa mfanyabiashara wa Katesh anayeuza magodoro na vitenge. Badala ya kukaa dukani, alikuwa anazunguka nchi akijitolea kwenye hifadhi za wanyama: wiki tatu hapa, mwezi kule, anapewa chakula na mahali pa kulala, kisha anabeba begi lake na kuendelea. Sasa alikuwa amefika kwenye hii ya kwao, hifadhi ndogo ya vijiji vitatu, mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka Mbulu mjini, huko juu ukingoni kabla nchi haijaporomoka kwenda bondeni. Ofisi iliwagawa wanaojitolea kwenye nyumba za wanakijiji. Nyumba ya Mzee Akonaay ilikuwa ya karibu kabisa na geti, basi Zubery akapangiwa huko.

Siku mbili za kwanza Modest alimpenda. Ndiye aliyemfundisha kazi, nayo ilikuwa kazi ya kuchafuka: unachukua kinyesi cha ng'ombe, unakichanganya na pilipili iliyosagwa, unafinyanga tofali, unalianika. Tembo wakitoka msituni kuja kwenye mahindi, tofali linawashwa pembeni mwa shamba na moshi wake unawarudisha. Siku ya kwanza Zubery alijisahau akapangusa jicho kwa mkono wenye pilipili, akaruka ruka uwanjani kama mbuzi aliyekanyaga siafu, na Modest akacheka mpaka akakaa chini. Walikuwa marafiki kabisa.

Mambo yaliharibika siku ya tatu, kwa sababu ya kuku.

"Mpe mgeni kisu," mzee alisema. "Yeye ni Mwislamu, achinje mwenyewe, ili ale kwa amani."

Hapo hapakuwa na ubaya wowote. Modest alikabidhi kisu. Lakini chakula kilipoiva, Mzee Akonaay akapapasa kwenye bakuli lake, akaitafuta firigisi, akaipata, akanyoosha mkono kuelekea upande aliokaa mgeni. Firigisi katika nyumba ile ilikuwa ya mzee, na siku mzee asipokuwa na hamu, ilikuwa ya Modest. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu ndugu zake wakubwa waondoke.

"Mzee, hapana, hiyo ni yako," Zubery alisema. Kijana alikuwa na adabu, na hilo ndilo lililomuudhi Modest zaidi.

"Kula. Umenisikiliza mchana kutwa."

Modest alitafuna shingo ya kuku. Wakati wa kuosha vyombo mkewe Oliva alimwangalia usoni akaanza kutabasamu.

"Baba Brightness, usiniambie una wivu wa firigisi."

"Nani ana wivu?"

"Sijui. Labda paka."

*

Si firigisi. Lau ingekuwa firigisi, angenunua kuku mwingine.

Yalikuwa ni maneno. Kila alasiri mzee na Zubery walikaa kwenye jiwe mbele ya nyumba, na mzee alikuwa anaongea. Alikuwa anaongea! Modest akipita na mzigo wa majani ya ng'ombe alisikia vipande vipande: jike mmoja mzee mwenye sikio lililochanika, mwaka wa njaa, mahali penye udongo wa chumvi ambapo tembo huja kulamba, njia wanazopita mvua zikichelewa na njia wanazopita zikiwahi. Ujanani Mzee Akonaay aliijua misitu ile kuliko mtu yeyote ukingoni, na wageni wa hifadhi walikuwa wanatoka mbali kumuuliza. Modest alizaliwa katika nyumba hiyo, akiwa wa mwisho kati ya wavulana wanne, na kama ilivyo desturi yao ndiye aliyebaki na wazazi. Alimzika mama. Alilima. Na katika miaka thelathini na saba ya maisha yake hakuwahi kuambiwa hata moja kati ya habari hizo.

Kiiraqw chao cha nyumbani kilikuwa cha kuagizana. Funga ndama. Angalia mvua. Mbolea imeisha. Kwa Zubery mzee alitumia Kiswahili, pole pole, akitafuta neno, na katika Kiswahili hicho cha kubabaisha alikuwa baba ambaye Modest hakuwahi kukutana naye.

Siku ya tano aliwakuta wanatoka. Mkono wa mzee ulikuwa begani kwa Zubery.

"Mnakwenda wapi?"

"Tunatembea," mzee alijibu. "Nataka kumwonyesha pale tembo wanapovukia mto."

"Baba, si ulisema magoti yanauma? Jumapili nilikuomba twende kanisani ukasema magoti."

"Leo hayaumi."

Wakaenda. Mzee hakuwa amevuka mto kwa miaka miwili. Modest alisimama na jembe lake akawaangalia mpaka wakapotea kwenye miti. Alijionea aibu kwa sababu alikuwa mtu mzima, ana mke na watoto watatu, na alikuwa anataka kulia kwa sababu baba yake amekwenda kutembea na mtu mwingine.

Jioni, wakati wanapanga matofali juani, alimuuliza Zubery, "Wewe kwenu huna baba?"

"Ninaye, kaka. Yuko Katesh, dukani."

"Na yeye huwa unakaa kumsikiliza hivi?"

Zubery alicheka. "Yule? Yule anaongea bei tu, kaka Modest. Nyinyi mna bahati. Mzee wenu ni maktaba."

"Na hiyo simu unaiweka ya nini pale kwenye jiwe?"

"Narekodi. Nimemwomba ruhusa. Nisije nikasahau."

Modest alipanga tofali lingine. Nyinyi mna bahati, alisema yule, na begi lake limeshajaa maneno ya mzee.

*

Asubuhi iliyofuata Modest alikwenda getini. Njiani alijiambia anakwenda kuuliza kama pilipili ya kusaga imeletwa, na mpaka anafika mlangoni alikuwa karibu ayaamini mwenyewe.

Mkuu wa askari wa hifadhi aliitwa Gidabuday, mtu mzima, mtaratibu, anayeandika kila kitu. Mwaka juzi tembo jike alikutwa bondeni ameuawa, meno yamekatwa, na tangu siku hiyo Gidabuday alikuwa hacheki.

"Pilipili bado," alisema. "Na mgeni wenu anaendeleaje?"

"Anaendelea," Modest alisema. Angeweza kuishia hapo. "Anakaa sana na baba. Anamuuliza njia za tembo."

Kalamu ikasimama. "Njia za tembo?"

"Zote. Na wanapolala, na penye chumvi. Anamrekodi kwenye simu."

"Atakaa kwenu mpaka lini?"

"Wiki ijayo anaondoka. Anakokwenda mimi sijui."

Hakusema uongo. Kila neno lilikuwa la kweli, na Modest alirudi nyumbani akijirudia hivyo, kila neno la kweli, kila neno la kweli. Alipofika alikunywa maji vikombe viwili.

*

Askari wawili walikuja kesho yake wakati wa uji. Zubery alisimama kuwasalimu akidhani wamemletea kazi. Walichukua simu yake, wakachukua begi lake, kisha mmoja wao, kijana anayeitwa Safari, akasema, "Na mzee pia."

Modest aliweka kikombe chini. "Mzee wa nini?"

"Anayetoa siri na anayepokea, wote wanahojiwa. Ndiyo maagizo."

"Mzee haoni! Atahojiwa nini?"

"Kinywa si anacho?"

Mzee Akonaay aliomba koti lake. Oliva alimvalisha, akamfunga vifungo kama mtoto wa shule, akivivuta kwa hasira. Walipotoka tu alimgeukia mumewe.

"Jana ulikwenda getini kufanya nini?"

"Kuulizia pilipili."

"Pilipili iko wapi?"

Modest aliinama kutafuta viatu.

"Baba Brightness, nakuuliza pilipili iko wapi."

Alivaa viatu akatoka mbio. Aliwafuata kwa nyuma barabarani kama mtu asiyewajua, na aliwaona majirani wakiacha kulima na kuegemea majembe, wakimwangalia Mzee Akonaay akiongozwa katikati ya askari wenye sare. Bibi mmoja alijiwekea ishara ya msalaba. Modest alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Mbulu ni ngumu, ikamwacha atembee hivyo hivyo.

*

Ofisini mzee alikalishwa kwenye benchi lisilo na mgongo. Safari alifungua daftari.

"Jina?"

Mzee alinyoosha koti lake.

"Nakuuliza jina, mzee."

"Kuna mtu humu?" Mzee Akonaay aligeuza uso huku na huku. "Nasikia maswali. Salamu sijasikia."

Safari alimtazama mkubwa wake, akasema kwa shingo upande, "Shikamoo."

"Marahaba. Akonaay."

Wakamwambia atoe vitu mfukoni. Akatoa kimoja kimoja, akiviweka mezani kwa uangalifu: kitambaa, rozari, kopo dogo la ugoro. Safari akalifungua kopo akalinusa, akapiga chafya mara tatu. Siku nyingine wangecheka wote. Modest alikuwa amesimama mlangoni, na hakuna aliyemwambia aingie wala atoke.

Zubery alijitetea kwa sauti ya juu. Alitaja hifadhi alizopita, alitaja namba za kupigiwa, alisema sikilizeni wenyewe kama kuna neno la ujangili. Gidabuday akaiweka simu mezani, akasikiliza. Sauti ya mzee ikajaa chumbani, pole pole, ikitafuta maneno. Habari za mto. Habari za jike la sikio lililochanika. Gidabuday alikuwa anaandika. Kisha ikaja ya juzi, ya kule kwenye kivuko, na upepo ulisikika kwenye majani.

"Mzee, na Modest hizi njia anazijua?" ilikuwa sauti ya Zubery.

"Modest hapana."

"Kwa nini?"

Mzee ndani ya simu alikohoa. Mzee kwenye benchi aliinua kichwa.

"Wanangu walikuwa wanne. Lameck nilimleta hapa ana miaka kumi na miwili. Yohanes naye. Alfredi naye. Mtoto ukimwonyesha njia, kesho anataka kujua inafika wapi. Wamekwenda wote. Lameck ameoa huko Gendabi, Yohanes yuko Haydom, Alfredi hata sijui yuko nchi gani. Nikasema huyu wa mwisho nitamficha. Nikampa ng'ombe, nikampa shamba. Njia sikumpa."

"Yeye hakuwahi kuuliza?"

"Aliuliza sana. Alikuwa mdogo, alinifuata mpaka mtoni akilia. Nikamwambia ni mambo ya kipumbavu, rudi kwa mama yako. Akaacha kuuliza." Upepo ukavuma. "Amebaki. Mimi nilimtaka abaki."

"Sasa mbona mimi unaniambia?"

"Wewe si unaondoka? Kwako sina cha kupoteza."

Gidabuday alizima simu. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Zubery alikuwa ameinamisha kichwa, maana na yeye alikuwa amepata lake.

"Ujangili sijausikia," Gidabuday alisema hatimaye. "Lakini utaratibu ni utaratibu. Njia za tembo haziwezi kuzunguka barabarani kwenye simu ya mtu. Futa zote, hapa, mbele yangu. Na uondoke leo."

Zubery alifuta moja baada ya nyingine. Ilichukua muda. Kila alipogusa kioo, Modest aliona kitu kinakwenda na hakirudi.

"Mzee, tusamehe kwa usumbufu," Gidabuday aliendelea, na alikuwa anasema kwa nia njema kabisa. "Tumshukuru mwanao. Alikuja mwenyewe jana kutuambia. Wananchi wote wangekuwa hivi, tusingepoteza tembo hata mmoja." Akamshika Modest mkono, akautikisa mbele ya watu wote.

Mzee aliinuka kwenye benchi. Alianza kukusanya vitu vyake kwa kupapasa meza. Rozari aliipata, kitambaa alikipata. Ugoro Safari alikuwa ameuacha ukingoni mbali, na mkono wa mzee ukaenda huku, ukaenda huku. Modest alikuwa hatua mbili kutoka hapo na hakuthubutu kumsogezea. Ni Zubery aliyelichukua kopo akaliweka kwenye kiganja chake.

"Mzee, nakwenda."

"Nenda salama. Umsalimie baba yako."

Kijana alipompita Modest mlangoni alisimama kidogo. "Kaka, ungeniambia tu nimwache. Ningemwacha."

*

Walirudi wawili, baba na mwana. Modest alikuwa ametayarisha maneno mengi. Alitaka kuomba msamaha, alitaka pia kugomba: miaka ishirini na minane baba, umenifanya mjinga miaka ishirini na minane! Alifungua mdomo mara mbili, akaufunga. Ndani ya hasira yake kulikuwa na furaha ya ajabu ambayo aliionea haya. Alikuwa ametakiwa. Kati ya wanne, yeye ndiye aliyefichwa ili asipotee.

Kwenye njia panda ya kwenda nyumbani mzee alisimama.

"Geuka kulia."

"Nyumbani ni kushoto, baba."

"Nyumbani kwangu napajua. Geuka kulia."

Waliteremka kwenye miti mpaka mtoni. Modest alijua mahali pale kwa sababu ndipo alipozuiwa na kurudishwa siku zote, akiwa na miaka tisa. Mzee alivua viatu, akavuka maji akiwa ameshikwa mkono, akapumua kwa nguvu ng'ambo ya pili. Magoti yalikuwa yanamuuma, ilionekana wazi. Akanyoosha kidole mahali ambapo hakupaona.

"Mvua zikichelewa wanatokea kule, kwenye miti myeupe. Wa kwanza ni jike daima. Ukikuta majani yamevunjwa upande wa kushoto tu, ujue ana ndama."

Alikuwa anasema kwa Kiiraqw. Modest alijiona mtoto tena. Alisogea karibu ili asikose hata neno moja, na alikuwa ameshayameza mawili matatu ndipo akili yake ilipomfikia na kumwambia anachopewa. Aliyeonyeshwa njia ni yule ambaye mzee hajali tena akiondoka.

"Baba," alisema, "inatosha. Twende nyumbani."

"Sikiliza. Sitarudia."

"Baba, usinionyeshe. Nakuomba. Niambie ni mambo ya kipumbavu."

Mzee alisubiri amalize. Uso wake haukuwa na hasira yoyote, na Modest angetoa ng'ombe wote zizini auone una hasira. Ulikuwa uso ule wa kwenye jiwe alasiri, mpole, mwepesi, uso wa mtu anayeongea na mgeni.

"Mimi siendi popote, baba. Mimi niko hapa."

"Nimekusikia," mzee alisema. "Ukipita miti ile, njia inagawanyika mara mbili. Ya juu inarudi huku. Wewe shika ya chini."